Nguvu za Kiume na Mafuta Katika Damu: Usifiche, Nenda Ukapimwe



Mwezi huu hatutasema habari za pamba, wala korosho, wala bei ya ufuta. Tutasema jambo ambalo wanaume wengi hawalisemi hata kwa rafiki zao wa karibu, nalo ni mwanamume wa makamo kupungukiwa na nguvu za kiume; yaani uume kutosimama, au kusimama kwa muda mfupi tu kisha ukalegea kabla ya tendo la ndoa kwisha. Najua wako watakaosema kwamba hiyo si habari ya gazeti la wakulima, gazeti ambalo watoto hulisoma na kina mama hulifungia vitumbua. Walakini nimeona ni heri iandikwe waziwazi kwa maneno ya heshima, maana kwa watu wengi jambo hili si aibu ya chumbani tu. Ni dalili ya ugonjwa wa mishipa ya damu, na ugonjwa huo ndio unaoua watu kwa moyo na kwa kiharusi.

Katika skimu zetu za makazi, tangu Ziwa Kenyatta na Hongwe mpaka Hindi-Magogoni na Witu, kila mwenye ng'ombe anajua la kufanya fahali wake akikataa kupanda. Humwita bwana mifugo siku hiyo hiyo. Hasemi kwamba fahali amerogwa, wala haendi sokoni kumnunulia unga wa mizizi uliofungwa katika karatasi, wala hamtukani ng'ombe jike. Lakini jambo hilo hilo likimfika mwenyewe, hukaa kimya mwaka mzima, na pengine miaka miwili. Huanza kurudi nyumbani usiku sana ili amkute mkewe amelala. Humnunia kwa mambo madogo. Wengine husema wamefungwa na jirani waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Wengine huoa mke wa pili, wakidhani dawa ni mwanamke mpya; baada ya mwezi mmoja huyo naye huona yale aliyoyaona mwenzake, na sasa aibu imekuwa ya nyumba mbili.

Basi kwanza, ndugu, jua kwamba hu peke yako. Huko Massachusetts, Marekani, madaktari waliwauliza wanaume wenye umri wa miaka 40 hadi 70, katika miaka ya 1987 hadi 1989, wakaona kwamba 52 katika kila 100 walikuwa na upungufu huo kwa kiasi fulani, wengine kidogo, wengine sana. Wala usiseme kwamba hayo ni ya Wamarekani. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanaume wenye ugonjwa wa kisukari walipoulizwa, zaidi ya nusu walikuwa na shida hiyo; habari zao zilitolewa mwaka 2014. Wazee waliofika Mpeketoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakiwa vijana, wakafyeka msitu, leo wamepita miaka 70. Wana wao ndio sasa wana miaka 45 na 50, na huo ndio umri ninaousemea.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa mtu asiyejua jinsi pampu inavyofanya kazi hawezi kujua kwa nini maji hayaji.

Uume hauna mfupa wala hauna msuli wa kuuinua. Ndani yake mna sehemu mbili ndefu zilizo kama sifongo, zenye vijumba vingi vidogo vidogo. Husimama kwa kujaa damu, basi. Mtu akipata hamu, ubongo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo, pamoja na utando laini ulio ndani ya mishipa ya damu, hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi. Hewa hiyo huiambia misuli myembamba iliyozunguka mishipa ya damu ilegee, mishipa hupanuka, damu huingia kwa wingi, vijumba hujaa, na kwa kujaa huibana ile mishipa ya kutolea damu, hata damu isitoke upesi. Waliogundua kazi ya hewa hiyo katika mishipa ya damu, Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1998. Kwa hiyo utaona kwamba jambo zima linategemea vitu viwili: mishipa ya damu iwe na nafasi, na utando wake wa ndani uwe mzima.

Hapo ndipo kolesteroli inapoingia. Kolesteroli ni namna ya mafuta, wala si sumu. Ini lako mwenyewe hutengeneza sehemu kubwa yake, na mwili huitumia kwa mambo mengi. Hata ile homoni ya kiume hutokana nayo. Lakini mafuta hayachanganyiki na maji, na damu ni maji kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo mwili huyapakia mafuta katika vichukuzi vidogo, kama shehena ipakiwavyo katika mashua pale Mokowe. Vichukuzi viitwavyo LDL huipeleka kolesteroli mwilini kutoka ini. Vile viitwavyo HDL huikusanya na kuirudisha. Vile vya kwanza vikizidi sana, huanza kupenya utando wa ndani wa mshipa na kukwama ukutani. Chembe nyeupe za damu huja kuyala mafuta hayo, hushiba mno, na zenyewe hukwama pale pale. Mwaka baada ya mwaka ukuta huvimba, hushika chokaa na kuwa mgumu.

Watu hupenda kulinganisha jambo hili na tope katika bomba la maji. Mfano huo si mbaya, ila haukukamilika. Tope hukaa juu ya ukuta wa bomba, nawe waweza kulizibua kwa fimbo. Mafuta haya huingia ndani ya ukuta wenyewe, kama chumvi iingiavyo katika kuta za nyumba za mawe kule Lamu mjini, mpaka lipu ikavimba na kubambuka. Ndiyo maana hakuna dawa ya kunywa siku moja ikasafisha mishipa, hata muuzaji akuapie vipi.

Tena madhara huja mawili, na la kwanza hutangulia kabla bomba halijawa jembamba. Utando ukishaguswa na mafuta, na moshi wa sigara, na sukari iliyozidi, na shinikizo kubwa la damu, hushindwa kutoa ile naitriki oksaidi ya kutosha. Mshipa una nafasi, lakini hausikii amri ya kupanuka. Madhara ya pili ni mshipa wenyewe kuwa mwembamba. Mwanamume huyaona yote mawili chumbani kabla daktari hajayaona mahali pengine popote.

Kwa nini uume utangulie? Jibu ni la vipimo tu. Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, yaani haizidi njiti ya kiberiti. Ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Ule mkubwa wa paja una milimita 6 hadi 8, kama kalamu ya risasi. Mafuta hayachagui mshipa. Huingia katika yote. Lakini uvimbe ule ule ambao katika paja hausikiki, katika moyo huanza kusumbua, na katika uume umekwisha kuziba njia. Madaktari wameona kwamba kwa wanaume wengi waliougua moyo, shida ya chumbani ilitangulia kwa miaka 2 hadi 5. Fikiri maana yake, ndugu. Kolesteroli haiumi, haiwashi, haitoi jasho. Mtu anaweza kuwa nayo nyingi kwa miaka 20 asijue. Basi mwili umempa mwanamume taarifa miaka kadhaa kabla ya moyo kushikwa, naye akaitumia miaka hiyo kugombana na mkewe.

Sisemi kwamba kila aliyepungukiwa atapatwa na moyo. Nasema amepewa sababu ya kwenda kupimwa.

Kuhusu kolesteroli yenyewe, ushahidi si wa jana. Mwaka 1913 daktari mmoja wa Urusi, Anitschkow, aliwalisha sungura kolesteroli, mishipa yao ikajaa mafuta. Mwaka 1994 huko Marekani yalitolewa matokeo ya wanaume 3,250 waliofuatwa na madaktari: wale waliokuwa na kolesteroli nyingi sana, zaidi ya 6.2 kwa kipimo kitumikacho hapa Kenya, walipatwa na upungufu wa nguvu karibu mara mbili kuliko wale waliokuwa nayo kidogo.

Wakulima wengi hudhani kwamba haya ni magonjwa ya matajiri wa Nairobi, na kwamba mtu wa jembe hayamfiki. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli. Daktari Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa miaka kama 30 tangu 1929, aliona wagonjwa Waafrika maelfu kwa maelfu bila kuona mishipa ya moyo iliyoziba. Mwaka 1956 yeye na mwenzake, Singh, walipompata mmoja, walimwandika katika jarida la madaktari la Afrika Mashariki, kwa kuwa lilikuwa jambo adimu. Leo hakuna daktari Kenya atakayeandika jaridani kwa sababu ameona mgonjwa mmoja wa moyo. Si damu zetu zilizobadilika. Ni chakula, na miguu.

Juu ya miguu nitakaa kidogo. Katika miaka ya 1960 daktari mmoja wa Marekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanzania. Watu hao walikula nyama na kunywa maziwa kwa wingi, na kila mtu alitazamia damu yao ijae mafuta. Kumbe kolesteroli yao ilikuwa chini. Kisha mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa habari za mishipa ya moyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufa. Ndani ya kuta waliona mafuta, tena si kidogo. Walakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana kuliko kawaida, hata damu ikapita bila taabu. Mann alifikiri kwamba sababu ni kutembea kwao kutwa nzima nyuma ya mifugo. Wako waliobishana naye juu ya mambo mengine, lakini kwamba kutembea huifaa mishipa, hilo halibishaniwi tena.

Wazee wetu wa skimu walitembea. Maji yalifuatwa, kuni zilifuatwa, na pamba ilibebwa. Mwana wao leo hupanda bodaboda kwenda kwenye shamba lililo umbali wa kilomita moja, hulimiwa na trekta, na baada ya mavuno hukaa barazani tangu saa tisa mpaka usiku. Sikatai maendeleo, mimi mwenyewe nimepanda bodaboda hizo. Lakini miguu imepumzika, na tumbo halikupumzika. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata watu wa mashambani kando ya Ziwa Victoria waliohamia Nairobi, wakaona shinikizo lao la damu likipanda muda mfupi tu baada ya kufika, kwa chumvi na kwa uzito. Leo si lazima uhame. Nairobi imekuja kukaa Mpeketoni, na viazi vyake vya kukaangwa, na soda yake. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne Kenya alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani mwao.

Basi tule nini? Mtu wa Lamu ukimwambia aache nazi atafunga gazeti hapo hapo, nami simwambii hivyo. Lakini ni lazima niseme kweli: katika kila sehemu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya 80 ni ya namna ile igandayo, inayoongeza kolesteroli. Tui jepesi katika mchuzi wa samaki halina neno. Wali wa tui zito kila siku, na juu yake mahamri yaliyokaangwa, na chai ya maziwa ya sukari nyingi, hiyo ni hesabu nyingine. Mafuta meupe ya mkebe, yale yagandayo kama nta, yapunguzeni sana, na samli vivyo hivyo. Mafuta yaliyokaangia viazi siku tatu yakawa meusi, mwageni.

Na hapa nalia kwa ajili yenu, wakulima. Ufuta mnaoulima, na korosho mnazoziokota, ni katika vyakula vyenye mafuta mazuri, yasiyoziba mishipa kama yale ya kuganda. Samaki wa baharini anapatikana hapa kuliko karibu mahali pote pa Kenya. Kunde, pojo, maharagwe na mchicha hupunguza kolesteroli. Mnapakia yote hayo katika lori kwenda kwa watu wengine, kisha mnarudi na mkebe wa mafuta meupe na katoni ya soda. Wekeni gunia moja la ufuta nyumbani.

Sigara sina haja ya kuieleza sana. Huuharibu ule utando wa ndani moja kwa moja, na avutaye ajue kwamba anavuta nguvu zake mwenyewe. Miraa ni jambo gumu zaidi kulisema katika sehemu zetu, kwa kuwa wengi wanaitafuna na wengine wanaiuza. Hata hivyo, miraa huharakisha moyo, hupandisha shinikizo na kuibana mishipa ya damu, tena huja na wenzake: sigara, soda tamu, na kukesha. Kijana asema inampa nguvu. Inampa macho, si nguvu.

Faida ya kubadilika si ya kuambiwa tu. Mwaka 2004 madaktari wa Naples, Italia, walitoa matokeo ya wanaume 110 wanene waliokuwa na upungufu huu. Nusu yao walifundishwa kwa bidii kupunguza chakula na kufanya mazoezi. Baada ya miaka 2, karibu theluthi moja ya hao walikuwa wamepona bila kidonge cho chote cha nguvu. Katika wenzao ambao hawakusimamiwa hivyo walipona wachache sana. Na wale waliokusanya majaribio mengi ya mazoezi wamesema kwamba dakika 160 kwa juma, kwa muda wa miezi 6, zatosha kuleta nafuu kwa wengi. Hizo ni dakika 40 mara nne kwa juma, za kutembea mpaka jasho litoke. Mtu anayelima kwa jembe mwenyewe amekwisha kuzipata. Anayesimama kandokando ya vibarua hajazipata.

Sasa vidonge. Kidonge kijulikanacho cha sildenafili kilianza kutengenezwa Uingereza kwa ajili ya maumivu ya moyo. Katika majaribio wanaume waliona jambo jingine kabisa, na mwezi wa Machi 1998 Marekani ikaruhusu kiuzwe kwa upungufu wa nguvu za kiume. Ni dawa ya kweli, na daktari akikupa, itumie bila haya. Lakini ielewe kazi yake: hurefusha ile amri ya naitriki oksaidi, haitengenezi mshipa. Mshipa huendelea kuharibika chini yake. Tena iko hatari moja ambayo ni lazima kila mtu aijue. Mgonjwa wa moyo atumiaye dawa za naitreti, zile ziwekwazo chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, akimeza sildenafili, shinikizo lake la damu huanguka ghafula na anaweza kufa. Ndiyo maana kukinunua kimya kimya dukani, bila kupimwa, ni mchezo mbaya.

Na ule unga wa sokoni? Muuzaji husema ni mizizi mitupu. Katika nchi nyingi unga na asali za namna hiyo zilipopimwa, nyingine zilikutwa zimetiwa sildenafili kwa siri, kwa kiasi asichokijua mtu. Kwa hiyo yule anayekuambia, "Mimi niliitumia ikafanya kazi," huenda asiseme uongo. Ila hajui alichomeza, na kama ana moyo mbovu hajui alivyoponea chupuchupu. Fedha za pamba zinaishia huko msimu hata msimu.

Kama kolesteroli imezidi, daktari anaweza kukupa dawa za namna ya statini. Asili ya dawa hizo itawapendeza wakulima. Katika miaka ya 1970 Mjapani mmoja, Akira Endo, aliipata ya kwanza katika kuvu iliyotoka kwenye mchele wa ghala la nafaka huko Kyoto. Msidhani basi kwamba mahindi yenye kuvu ni dawa! Kuvu ya mahindi huwa na sumu ya aflatoksini, nayo huua. Statini humezwa kila siku, hupunguza LDL na kuzuia moyo na kiharusi. Na majaribio kadhaa yameonyesha kwamba kwa baadhi ya wanaume huleta nafuu hata chumbani, ingawa si kubwa kama ya sildenafili.

Lakini tusiitie kolesteroli makosa yote. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu pamoja. Pombe nyingi, deni, msiba, na hofu ya kushindwa tena, yote huzuia. Dalili moja ya kusaidia ni hii: mtu ambaye uume wake husimama vizuri alfajiri kabla ya kuamka, ila hushindwa akiwa na mkewe, mara nyingi mishipa yake ni mizima na shida iko moyoni, yaani katika mawazo. Yule ambaye hata alfajiri hapati, na hali imekuja polepole kwa mwaka au miwili, huyo azidi kuishuku mishipa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu nazo hupunguza nguvu. Hapo wanaume wengi hufanya kosa la kuzitupa bila kumwambia mtu, na baada ya miezi michache wakapooza upande mmoja. Rudi kwa daktari, mwambie, naye atakubadilishia. Ziko za namna nyingi.

Nina neno pia kwa wahudumu wa zahanati. Mama akija kliniki huulizwa kila jambo: hedhi yake, uzazi wake, mpango wa uzazi. Mwanamume wa miaka 50 akija na shinikizo, hupimwa mkono, hupewa dawa, huambiwa apunguze chumvi, akaenda zake. Hakuna amwulizaye. Naona si haki, wala si utabibu mzuri. Mwulizeni, na mwulizeni mlango ukiwa umefungwa, si mbele ya foleni. Swali moja tu lingeokoa watu. Na kama mhudumu ni binti mwenye umri wa mwanao, ndugu, na huwezi kumwambia, omba kuonana na mwanamume. Hakuna atakayekucheka kwa hilo.

Na wewe mama uliyesomewa gazeti hili au uliyelisoma mwenyewe: bwana akikwepa, usiharakishe kudhani ana mwanamke mwingine. Huenda anaogopa. Mwambie mwende wote mkapimwe shinikizo, kwa kuwa nawe wahitaji. Kolesteroli haibagui waume na wake. Ila mkiona maumivu au kubanwa kifua wakati wa kupanda ngazi, kulima, au katika tendo lenyewe, msingoje siku ya kliniki wala msimeze cho chote cha nguvu. Nendeni hospitali mara moja.

Vipimo vinapatikana katika hospitali ya Mpeketoni, na katika hospitali ya King Fahd huko Lamu kwa wale wanaovuka kutoka Mokowe. Utapimwa shinikizo, ambalo lisifike 140 kwa 90. Sukari, ambayo kwa mtu asiyekula kitu tangu jana ikifika 7.0 ni kisukari. Na kolesteroli, ambayo kwa jumla yafaa isizidi 5.2. Watatazama pia uzito wako na mzunguko wa kiuno. Hospitali nyingine hutaka uje asubuhi kabla ya kula, nyingine hazijali, basi uliza siku moja mbele usije ukafunga bure. Chukua karatasi za dawa zote unazomeza. Na kama umekwisha kutumia ule unga wa sokoni, uchukue pia katika karatasi yake, umwonyeshe daktari.